Anaiandikia Mashine Yale Ambayo Kila Mtu Anayajua

Saa moja na nusu asubuhi, soko la Quillarani, Bolivia. Uji wa mahindi ya zambarau umeshachemka, maandazi ya jibini yanaelea kwenye mafuta, na Nélida Claure ameketi kwenye kigoda nyuma ya meza ya biashara, kompyuta mapajani, miguu juu ya kreti la soda. Anasoma kwa sauti ili asikike katikati ya kelele za wabeba mizigo.

“‘Tumia zana hii kutuma taarifa kwa familia ya marehemu.’ Haya mama, ungekuwa wewe ndiye mashine, ungefanya nini?”

Doña Hortensia Rocha, mama yake wa ubatizo na mwenye meza hiyo, hamtazami. Anageuza andazi.

“Ningekaa kimya. Familia gani? Ya kwangu ni watu sitini, na nusu yao hatusalimiani.”

“Jamaa aliyetia saini kitabuni.”

“Na huyo aliyetia saini naye akifa je?”

Nélida anacheka kidogo, kisha anaacha. Anaandika, anasoma tena. Doña Hortensia anaona dosari nyingine: hiyo taarifa itatumwa mara ngapi? Kuna watu waliwahi kumtumia yeye ujumbe uleule mara saba mpaka akaizima simu. Mteja anayesubiri uji anauliza kama siku hizi hapa pamekuwa ofisi.

“Ofisi ndiyo,” anajibu Doña Hortensia. “Tofauti ni kwamba hapa unahudumiwa.”

Mpita njia angeona ni utani wa sokoni. Si utani. Nélida hawezi tena kuyaamini macho yake peke yake, na kila anachokiandika lazima kipite kwanza kwa mwanamke huyu ambaye hajawahi kuajiriwa popote na anaziogopa ofisi kama watu wanavyomwogopa mbwa wa jirani. Akielewa bila kuuliza swali, ndipo maandishi yanatumwa. Kwa kawaida huuliza matano.

Nélida ana miaka thelathini na sita. Kazi yake haina jina zuri kwa Kihispania wala kwa Kikechua, na mimi nimehangaika kuipatia la Kiswahili. Tuseme hivi. Siku hizi ofisi nyingi zina wakala wa akili mnemba, programu ambayo haiishii kujibu maswali bali hufanya kazi yenyewe: inafungua daftari, inatuma barua, inafuta jina, inatoa amri. Kila tendo inaloweza kulifanya huitwa zana, na kila zana ina maelezo yake ya mistari michache: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Wakala hajawahi kuiona ofisi yenyewe. Haujui mji wala watu wake. Anachokijua ni ile mistari, na mistari hiyo huandikwa na Nélida.

Kabla ya hapo alikaa miaka kumi na mmoja nje ya jengo la halmashauri, kwanza na taipureta, baadaye na printa ndogo, akiwajazia watu fomu. Mkulima akija na hadithi ndefu ya mpaka wa shamba, yenye shangazi wawili na mbuzi mmoja ndani yake, Nélida aliisikiliza yote na kuitoa ikiwa mistari minne ambayo karani angeikubali. Alikuwa hodari. Kisha fomu zikahamia kwenye simu, na meza yake ikabaki na kivuli cha mwavuli tu. Siku nyingine alirudi nyumbani na boliviano kumi na tano.

Aliyemtoa hapo ni Iván Zegarra, mhandisi kijana kutoka Cochabamba mwenye kampuni ya watu saba. Alikuja kutazama jinsi watu wanavyoomba mambo ofisini, akamwona mwanamke anayegeuza vilio kuwa mistari minne. Sasa kampuni humlipa boliviano ishirini na tano kwa maelezo ya zana moja. Mwezi mzuri huwa na zana tisini. Kodi ya vyumba viwili anavyoishi na mama yake ni mia nane, na dawa za kisukari za mama huchukua karibu kiasi hichohicho.

“Nilidhani ni kazi ileile,” anasema. “Fomu ni fomu. Lakini fomu ilikuwa na karani wa kuisoma. Karani akiona jambo la ajabu anakuna kichwa, anamwita mwenzake. Huyu wa sasa hakuni kichwa. Ukimwambia fanya, anafanya, tena kwa adabu.”

Ameandika maelezo elfu moja mia mbili na kumi na mawili katika miaka miwili: ya zahanati, ya maji, ya leseni za vibanda. Mengi hayakumbuki. Moja analijua kwa moyo, na alinisomea bila kutazama popote.

“‘Fungua shubaka. Tumia zana hii kuliweka wazi shubaka ambalo muda wake umekwisha na haujalipiwa upya.’”

Hakuna kosa la lugha hapo. Iván alilisifu kwa ufupi wake.

Quillarani haina ardhi ya kuchezea, kwa hiyo wafu hulazwa kwenye mashubaka ya ukutani, safu tano kwenda juu, kila moja na kioo chake na jina lake. Shubaka hukodiwa kwa miaka mitano. Muda ukiisha bila kulipiwa, mabaki hutolewa na kutiwa katika shimo la pamoja nyuma ya kanisa dogo la makaburini. Sheria ndivyo isemavyo, na imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

Ila hakuna mtu wa Quillarani anayelipia muda unapoisha. Watu hulipia kwenye Watakatifu Wote, Novemba mosi, wanaporudi kutoka migodini, kutoka Santa Cruz, kutoka Uhispania. Wanaosha vioo, wanaweka maua na mikate, wanakula supu ya karanga pamoja na marehemu wao, halafu wanapanga foleni kulipa. Kwa hiyo Don Crispín Zurita, karani wa makaburi kwa miaka thelathini na mmoja, alikuwa akiiandika orodha ya walioisha muda kila Oktoba kama alivyotakiwa, akiigonga muhuri na kuifungia kwenye droo. Haikutoka mle mpaka Novemba tatu. Hakuna aliyemwagiza wala karatasi iliyosema hivyo. Kila mtu alijua.

Don Crispín alipokaribia kustaafu, Nélida alitumwa akajifunze kazi yake ili aiandikie zana. Walikaa alasiri mbili nzima.

“Nilimuuliza, ‘Don Crispín, muda ukiisha mnafanyaje?’ Akasema, ‘Tunafungua, binti.’ Nikasema, ‘Basi?’ Akasema, ‘Basi.’ Tukanywa chai.” Nélida anafuta miwani kwa ncha ya sweta. “Mtu wa La Paz angeuliza, mnafungua lini? Mimi sikuuliza kwa kuwa nilijua. Na yeye hakusema kwa kuwa alijua kwamba najua. Baba yangu yuko safu ya nne pale. Muda wake ulikuwa umekwisha tangu Machi, nami mwenyewe nilikuwa nangoja Novemba kama wenzangu.”

Wahenga wanasema kuuliza si ujinga. Sawa. Lakini nani huuliza jambo ambalo amelala nalo na kuamka nalo tangu utotoni?

Tarehe kumi na nne Oktoba mwaka jana, wakala akiwa na mwezi mmoja tu tangu aachiwe kazi peke yake, aliona mashubaka arobaini na moja yaliyoisha muda. Alitumia zana kama alivyoelekezwa. Amri ikatoka na muhuri wake, ikafika kwa wachimba kaburi kabla ya chai ya saa nne.

Don Eusebio Vallejos, mkuu wa wachimba kaburi, ana miaka sitini na mitatu na sauti ya mtu aliyevuta vumbi maisha yake yote. Alinipokea akiwa ameketi kwenye toroli lililopinduliwa.

“Nilisema, jamani, Watakatifu Wote bado. Yule bwana wa ofisini, aliyekuja baada ya Don Crispín, akaniambia, Don Eusebio, mfumo umeshaamua. Nikasema labda sheria imebadilika, wakubwa hawatuambii kitu. Mimi ni mtu wa patasi na sepetu.” Alilisukuma gurudumu la toroli likazunguka. “Siku nne. Watu arobaini na mmoja. Kila mmoja nilimwomba radhi kwa jina lake, maana majina yapo pale kwenye kioo, huwezi kusema hukuyaona.”

Mabaki yalitiwa kwenye mifuko, kila mfuko na kipande cha karatasi chenye namba, kimefungwa kwa uzi. Mifuko ikawekwa kwenye banda la vifaa kungoja shimo lifunguliwe. Ile ya watoto ilikuwa myepesi, ikawekwa mwisho, sakafuni karibu na mlango. Tarehe ishirini na tano mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha, maji yakapita chini ya mlango. Kesho yake mwanamke mmoja alikuja mapema kuosha kioo cha mumewe akakuta tundu tupu, na kelele alizopiga zilisikika mpaka sokoni.

Thelathini na wanane walirudishwa mahali pao ndani ya siku mbili. Baba yake Nélida alirudishwa na kofia yake. Mifuko mitatu midogo, karatasi zake zilikuwa zimegeuka uji. Watoto watatu, wa umri unaokaribiana, wote wa miaka mingi iliyopita. Daktari aliletwa kutoka mjini, hakuweza kuapa yupi ni wa nani. Maabara ikajaribu mara mbili, majibu yakarudi matupu. Taarifa ya halmashauri ilisema mvua za mwaka huo ziliwahi. Ofisi zikikosea, daima ni mvua.

Iván alimpigia Nélida simu jioni ya siku ile tundu tupu lilipoonekana. Nélida anakumbuka alivyokuwa mpole. “Aliniambia, ‘Dada Néli, jina lako halimo popote. Maelezo ni ya kampuni. Pumzika wiki moja.’ Alidhani ananifariji.”

Hakupumzika. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa Doña Fortunata Colque.

Huyu ni mwanamke wa miaka hamsini na minane anayeuza mahindi ya kuchemsha upande wa pili wa soko, kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Mmoja wa wale watoto watatu ni wake: Ademar, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka miwili, miaka ishirini na mmoja iliyopita. Kila Novemba tangu hapo mama huyu amekuwa akimpelekea mkate na peremende, na kila miaka mitano amekuwa akilipia. Mara hii muda uliisha Agosti. Alikuwa anamsubiri binti yake aje kutoka Iquique, Chile, wasimame mbele ya mtoto wote wawili.

Kulikuwa na foleni ya watu sita. Nélida alijipanga nyuma yao mpaka zamu yake ikafika. Mazungumzo haya nimeyapata kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na yanalingana neno kwa neno, jambo ambalo kwa miaka yangu ya uandishi nimelikuta mara chache sana.

“Nikupimie ya ngapi?”

“Doña Fortunata, mimi ndiye niliyeandika maneno ambayo ile mashine iliyafuata.”

“Maneno gani?”

“Ya kufungua mashubaka. Sikuandika kwamba ingoje Watakatifu Wote.”

Doña Fortunata alibaki na upawa hewani. “Wewe si mtoto wa marehemu Abelardo Claure? Wa hapahapa?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi ulijua.”

“Nilijua.”

“Ukaona tabu kuandika?”

“Sikuona tabu. Sikufikiria kwamba kuna asiyejua.”

“Nunua au pisha,” alisema Doña Fortunata. “Watu wanangoja.”

Nélida alinunua. Anasema alisimama pembeni akayala yote, ya moto vile yalivyo, ulimi ukaungua, na mpaka leo hajui kwa nini alifanya hivyo.

Nilimuuliza Doña Fortunata kama amemsamehe. Alinitazama kama aliyeulizwa bei na mtu asiye na nia ya kununua.

“Ameniomba msamaha mara nne. Mimi sina msamaha, bwana. Nina mtoto. Anitafutie mtoto.”

Huko Quillarani marehemu huja saa sita mchana wa Novemba mosi na huondoka saa sita ya kesho yake. Mwaka jana saa hiyo ilipofika, ile mifuko mitatu ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la sakristia, na Doña Fortunata hakujua aweke mkate wapi. Aliuweka sakafuni mbele ya kabati, mkate mdogo wenye uso wa mtoto, akakaa hapo mpaka padri akaja kufunga. “Sijui kama aliniona,” anasema. “Alizoea kule kwenye kioo. Mtoto wa miaka miwili utamwelekezaje njia mpya?”

Mwaka umepita. Familia tatu, yaani Doña Fortunata, babu mmoja mchimba madini, na familia ya tatu iliyohamia Argentina ambayo ilijibu kwa simu, zimekubaliana jambo ambalo hakuna aliyelitaka: watoto wote watatu walazwe pamoja, na kila familia iwahudumie wote. Mwezi uliopita halmashauri ilitoa shubaka moja la safu ya chini, namba kumi na saba, kwa miaka mitano, bure. Ilitoa na barua ya pole yenye nembo.

Hapo ndipo hofu mpya ilipoanzia.

Nélida ndiye aliyeigundua. Siku hizi haishii kuandika. Kila zana huijaribu kwa wakala, mara thelathini, kwenye nakala ya daftari ambayo haina madhara. Wiki mbili zilizopita alimwagiza wakala atengeneze orodha ya mwaka huu ya mashubaka yaliyoisha muda. Mara kumi na moja kati ya thelathini, namba kumi na saba ilikuwemo.

Sababu ni ya kijinga. Daftari lina nafasi ya jina moja la marehemu na jina moja la mlipaji. Hawa ni watatu, na hakuna aliyelipa. Yule bwana wa ofisini, asijue aandike nini, aliacha nafasi zote tupu pamoja na ya tarehe. Na wakala, akikuta tarehe hakuna, mara nyingine hukisia kwamba muda haupo, kwa hiyo umekwisha.

“Wangetolewa tena,” anasema Nélida. “Watoto walewale. Kwa mkono wangu uleule.”

Orodha ya kweli itatoka tarehe kumi na nne Oktoba. Siku niliyokwenda kumwona zilibaki siku tano. Alikwishakuandika maelezo mapya ya zana ile, mistari ishirini na miwili, na Doña Hortensia alikuwa ameyapitisha baada ya maswali kumi na tisa, mojawapo likiwa kama hao wakubwa wa ofisi nao wataandikiwa maelezo. Simu ya Iván ilikuja nikiwepo. Nélida aliiweka sauti juu, akaegemeza simu kwenye birika.

“Dada Néli, ishirini na miwili! Wakala anaisoma yote kila anapofanya kazi, na kila neno linalipiwa. Wateja wanalalamika. Nipunguzie ifike sita.”

“Weka kufuli basi. Zana isifungue chochote mpaka Don Eusebio aende kutazama, athibitishe.”

“Kufuli lipo kwenye mpango wa mwakani.”

“Mwakani watakuwa shimoni, Iván.”

Mhandisi akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba naye halali vizuri, hata kama Dada Néli anadhani analala. Walianza kukata. Niliwasikiliza kwa saa nzima wakibishania mistari kama watu wanaogawana urithi: huu uende, huu ubaki, huu tuunganishe na ule. Ikaondoka ile iliyohusu vioo vilivyovunjika na ndugu wanaogombana. Ikabaki mistari minane, na miwili kati yake Nélida alikataa kuigusa:

“Usiitumie zana hii kabla ya Novemba tatu, hata kama muda wa shubaka umekwisha, kwa sababu familia hulipia kwenye Watakatifu Wote. Ukikuta jina au tarehe haipo, usikisie. Acha, mwulize Don Eusebio Vallejos.”

“Don Eusebio ana simu ya kubonyeza,” Iván alilalamika.

“Basi ampigie. Wakala anajua kupiga simu. Zana hiyo niliiandika mimi.”

Walijaribu mara thelathini. Mara thelathini wakala aliiacha namba kumi na saba. Nilitaka kumpongeza, lakini uso wake ulinizuia. Nélida alisema hata ile ya mwaka jana walikuwa wameijaribu, ikafaulu, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuijaribu kwa Oktoba. Mara thelathini si milele. Kampuni inaweza kubadilisha wakala, mtu mwingine akaja na mkasi wake akaona mistari minane ni mingi. Yeye mwenyewe mkataba wake unaisha Desemba, na hajaambiwa kitu.

“Huwa najiuliza ni mambo mangapi mengine ninayoyajua bila kujua kwamba nayajua,” anasema. “Yako wapi? Nitayaandikaje?” Hilo ndilo linalomnyima usingizi. Ameanza kufikiria kurudi kwenye fomu, ingawa fomu zenyewe hazipo.

Ijumaa, saa tisa alasiri, watoto walihamishwa. Padri alisema machache akaondoka kwenda kwenye ndoa. Don Eusebio aliingiza visanduku vitatu vya mbao nyeupe, kimoja kimoja, akivua kofia kila mara, akafunga kioo kwa saruji mbichi. Babu wa mgodini alisali kwa Kikechua kwa pumzi za shida. Doña Fortunata hakulia. Alikuwa amechagua kuhesabu maua, nadhani ili mikono iwe na kazi.

Nélida alikuwa amesimama mbali, kwenye kona ya ukuta, kama mtu aliyekuja kwenye kaburi jingine. Doña Fortunata ndiye aliyemwita, bila kumtaja jina.

“Wewe. Njoo huku. Kazi yako si kuandika?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi andika hapo kwenye kioo. Huyu bwana wa patasi,” akamwonyesha Don Eusebio kwa kidevu, “ana macho. Kesho kutwa akiletewa karatasi nyingine yenye muhuri, nataka kuwe na kitu cha kumzuia mkono. Na akifa yeye, kimzuie atakayekuja.”

“Mimi sitafungua tena, Doña Fortunata,” alisema Don Eusebio. “Nakuapia.”

“Mwaka jana pia ungeapa hivyohivyo.”

Don Eusebio akainamisha kichwa, akaenda kuleta rangi nyeupe na brashi. Nélida alipiga magoti, maana safu ya chini iko usawa wa goti. Aliandika rasimu kwanza kwenye kiganja kwa kalamu, akafuta kwa mate, akaandika tena. Mwanamke aliyeandika maelezo elfu moja mia mbili na kumi na mawili alitumia robo saa kwa sentensi tatu. Kisha akazihamishia kwenye kioo, herufi kubwa, polepole.

Doña Fortunata hakusoma shule. “Nisomee,” alisema.

“‘Humu wamo watoto watatu, Ademar, Lizeth na Wilber. Wana wenyewe. Usifungue.’”

Mama alifikiri. Babu naye alifikiri. Nikamwona Nélida anashika brashi kwa mikono miwili, akingoja, vile anavyongoja kila asubuhi mbele ya sufuria ya uji, ila hapa hakukuwa na wa kucheka.

“Na muda ukiisha?” aliuliza Doña Fortunata.

Halmashauri imetoa miaka mitano tu, na barua ipo. Hakuna hata mmoja kati ya waliokuwa pale mwenye uwezo wa kuongeza siku moja, na Nélida analijua hilo kuliko wote. Ukimuuliza matumaini yake, atakwambia ni kwamba miaka mitano ijayo atakuwepo mtu atakayesoma kabla ya kugonga patasi. Hakueleza lolote kati ya hayo. Alichovya brashi, akainama mpaka paji la uso likagusa kioo, na chini ya zile sentensi tatu akaongeza: Hata muda ukiisha.